Fomu Isiyo na Pambizo

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, steshenari za mjini hugeuka ofisi. Nilikuwa kwenye moja nikisubiri kutoa nakala, na mbele yangu binti mmoja ameketi kando ya kijana anayewajazia watu fomu za mtandaoni kwa malipo. Kijana aliingiza namba ya mtihani, duara la kusubiri likazunguka, kisha jina likajitokeza lenyewe kwa herufi za kijivu.

"Kaka, hapo wamekosea. Mimi Mwanaidi, wao wameandika Mwanahidi."

Kijana akabofya juu ya jina mara tatu. Kimya. "Hapaandikiki, dada. Mfumo umelileta wenyewe na umelifunga."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunaendelea."

Wakaendelea. Herufi moja imezidi, na hakuna popote pa kusema kwamba imezidi.

Fomu za karatasi nazo zina maeneo yaliyokatazwa. Chini kabisa, ndani ya fremu, huandikwa KWA MATUMIZI YA OFISI TU, na sote tumezoea kuliruka eneo lile bila kuambiwa. Lakini kizuizi kile ni cha adabu tu. Kalamu yako inaandika pale vilevile inavyoandika kwingine, na ukiona jina lako limekosewa unaweza kulikata kwa mstari mmoja, ukaandika lililo sahihi juu yake na kutia saini pambizoni. Fomu ya kwenye skrini haina pambizo. Kisanduku kikifungwa kimefungwa, na aliyekifunga hayupo pale umuulize. Uamuzi huo, ambao mwandishi wa programu huufanya kwa neno moja na kupita, hubeba maswali mazito kuliko neno lenyewe: nani amefunga, kwa sababu gani, na je, ni kweli kimefungwa?

Neno linalotumika ni "disabled". Fomu zilikuwamo kwenye wavuti tangu enzi za kivinjari cha Mosaic mwaka 1993, na zikaingia katika kanuni za lugha ya kurasa za wavuti, HTML 2.0, mwaka 1995, ila njia rasmi ya kufunga kisanduku ilisubiri HTML 4.0, Desemba 1997. Hata hapo Netscape 4, kivinjari kilichokuwa mikononi mwa watu wengi, hakikulielewa neno hilo. Mafundi wa wakati ule wakabuni hila: mtu akigusa tu kisanduku, skripti inamfukuza kabla hajaandika herufi. Ilikuwa ni kuweka mlinzi kwenye mlango usio na kitasa. Skripti zikizimwa, mlinzi amelala na nyumba iko wazi.

HTML 4.0 haikuleta neno moja bali mawili, na kutoyatofautisha ndiko kunakozaa nusu ya matatizo ya fomu hadi leo. La pili ni "readonly". Kwa juujuu yanafanana, kwani yote mawili yanamzuia mtu kuandika. Kisanduku chenye "readonly" ni kama kitabu cha maktaba kisichoazimwa: unakisoma, unanakili maneno yake, kitufe cha Tab kinasimama hapo, na ukibonyeza Wasilisha kilichomo kinakwenda kwenye seva pamoja na vingine. Kisanduku chenye "disabled" kimetolewa kabisa kwenye shughuli. Tab inakiruka, kipanya hakikiamshi, kivinjari hakikagui kama kimejazwa sawasawa, na kilichomo hakitumwi. Nalirudia hili la mwisho kwa sababu ndipo wengi tunapoumia: hakitumwi, hata kama mtumiaji anakiona kimejaa mbele ya macho yake.

Niliwahi kuumia mwenyewe. Nilitengeneza fomu ya kuhuisha taarifa za wanachama wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Viongozi walitaka mwanachama abadilishe anwani atakavyo, ila namba ya simu isiguswe bila idhini yao, maana pesa hupita humo. Nikaifunga namba ya simu kwa "disabled", nikaridhika. Upande wa seva nilikuwa nimeandika msimbo wa kivivu: chochote kinachotoka kwenye fomu kihifadhiwe, kisichokuja kihesabiwe kuwa kitupu. Mwanachama wa kwanza alibadilisha sanduku la posta, namba yake ya simu ikafutika. Kufika jioni, kila aliyeonyesha bidii ya kuhuisha taarifa zake alikuwa hapatikani. Kisanduku nilichokifunga ili kilindwe ndicho pekee kilichoharibika.

Visanduku vya tiki vina mtego mbaya zaidi. Kisanduku cha tiki kisichotiwa tiki hakitumwi kamwe, ndivyo HTML ilivyopangwa tangu mwanzo. Sasa funga kisanduku chenye tiki kwa "disabled": nacho hakitumwi. Kwa seva, "hakukubali" na "alikubali ila kimefungwa" ni ukimya uleule. Wala huwezi kukimbilia "readonly", kwa kuwa haifanyi kazi kwenye visanduku vya tiki, vitufe vya kuchagua kimoja, wala orodha za kushuka. Fundi mwenye haraka hupachika kisanduku kingine kilichofichwa chenye thamani ileile, ili kilichofichwa kitumwe badala ya kinachoonekana. Kinafanya kazi, lakini nadhani tukifika hapo tujiulize kwa nini tunamwonyesha mtu kitu kimoja na kutuma kingine.

Kuna jingine dogo ambalo limewanyima watu usingizi. Kivinjari hakisomi thamani ya "disabled", kinaangalia kama neno hilo lipo. Ukiandika kwamba "disabled" ni "false", yaani si kweli, kisanduku kinafungwa vilevile. Dawa ni kulifuta neno lote. Na ukiwa na bidii ya kufunga visanduku vyote pale tu mtu anapobonyeza Wasilisha, ili asichezee chochote wakati taarifa zinasafiri, utagundua kwamba hakuna kilichosafiri. Kivinjari hukusanya yaliyomo baada ya skripti yako kumaliza kazi ya tukio la kuwasilisha, kwa hiyo kinakuta milango imeshafungwa na kuondoka mikono mitupu.

Kufunga kundi zima kwa pamoja kuliruhusiwa na HTML5, iliyokamilishwa kuwa pendekezo rasmi mwaka 2014. Unavizungushia visanduku uzio wa "fieldset", unaufunga uzio. Nimependa kipengele kimoja ambacho waandishi wa kanuni walikumbuka: kilichomo ndani ya kichwa cha kwanza cha kundi hubaki wazi. Ukiweka tiki ya "Nina mwenza" kwenye kichwa hicho, taarifa za mwenza zinaweza kubaki zimefungwa huku tiki yenyewe ikibofyeka. Funguo imeachwa nje ya chumba inachokifungua. Ni jambo dogo, lakini aliyelifikiria alikuwa amewahi kujaza fomu.

Je, ni kweli kimefungwa? Hapana. Chukua kompyuta yoyote, bofya kulia juu ya kisanduku cha kijivu, chagua kukagua, futa neno "disabled", andika utakacho, wasilisha. Haihitaji elimu ya udukuzi wala programu ya siri. Ukurasa ukishamfikia mtumiaji ni mali yake, anaweza kuupinda apendavyo. Kivinjari ni mtumishi wake yeye, si wako. Mapema mwaka 2000 watafiti wa usalama wa kampuni ya ISS walitoa tahadhari juu ya programu kadhaa za maduka ya mtandaoni zilizokuwa zikiweka bei ya bidhaa ndani ya fomu yenyewe, mahali palipofichwa. Mnunuzi aliweza kuipunguza bei, akawasilisha, na duka likamwamini.

Kisa cha Machi 2012 cha GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo iliyojengwa kwa Ruby on Rails, kinafundisha zaidi. Kijana wa Kirusi, Egor Homakov, alikuwa amewaonya watengenezaji wa Ruby on Rails kwamba mfumo wao hupokea kwa urahisi kupita kiasi chochote kinachotajwa kwenye fomu. Walipompuuza, alifungua ukurasa wa GitHub wa kusajili funguo za kuingilia, akaongeza mwenyewe kisanduku ambacho fomu haikuwa nacho, cha utambulisho wa mmiliki wa funguo, na seva ikakipokea. Kwa njia hiyo aliweza kuandika kwenye hifadhi ya msimbo ya Rails yenyewe. GitHub waliisimamisha akaunti yake kisha wakairudisha, na Rails wakabadilisha mazoea. Hakuvunja kufuli yoyote. Alijibu swali ambalo hakuulizwa, na seva ikaandika jibu.

Kwa hiyo kisanduku kilichofungwa kwenye ukurasa ni ujumbe kwa mtu mwema. Kinasema: hapa usihangaike. Kufuli yenyewe lazima iwe kwenye seva, inayouliza kila mara kama huyu ana ruhusa ya kubadilisha hiki, bila kujali ukurasa ulionekanaje. Wengine hata ujumbe huo hawautoi vizuri: hukifanya kisanduku kififie kwa rangi tu na kukizuia kipanya kisibofye, wakasahau kwamba mtu mwenye kibodi hufika hapo kwa Tab na kuandika kama kawaida.

Tukishakubali kwamba ni ujumbe, kigezo kinabadilika. Ujumbe hupimwa kwa kueleweka. Na hapa fomu zetu nyingi zinaanguka.

Tazama kitufe cha Wasilisha kinachobaki kijivu mpaka kila kitu kiwe sawa. Aliyekibuni alidhani anamsaidia mtu asikosee. Sasa mfikirie mtu anayeingiza namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Namba hiyo ina tarakimu 20, na kwenye kadi imechapwa kwa mafungu yenye vistari katikati. Anainakili kama alivyoiona, vistari na vyote. Fomu iliyotarajia tarakimu tupu inakataa kimoyomoyo. Kitufe ni kijivu. Anahakiki jina, anahakiki tarehe ya kuzaliwa, anabadilisha mtandao, anazima simu na kuiwasha. Kosa ni vistari ambavyo serikali yenyewe ndiyo iliyovichapa. Kitufe kingekuwa wazi angebonyeza, na fomu ingelazimika kumjibu: ondoa vistari. Au bora zaidi, ingeviondoa yenyewe. Mwongozo wa usanifu wa tovuti za serikali ya Uingereza, GOV.UK, unashauri vitufe vilivyofungwa viepukwe inapowezekana, kwa kuwa havionekani vizuri na huwachanganya watu. Mimi nisingeweka hata hilo "inapowezekana". Sijawahi kuona kitufe cha Wasilisha kilichofungwa tangu mwanzo ambacho kingekuwa kibaya zaidi kikiwa wazi na kujua kujieleza.

Kukifunga baada ya kubonyezwa ni suala jingine, na lina haki yake. Mtu yuko ndani ya daladala, mtandao unapanda na kushuka, amebonyeza Lipa na hakuna kinachotokea. Atabonyeza tena, kila mtu hubonyeza tena. Kukifunga kitufe papo hapo kunamwepusha na kulipa mara mbili. Lakini mtandao ukikatika katikati na kitufe kikabaki kimefungwa, umemwacha njia panda: hajui kama amelipa, wala hawezi kujaribu tena. Firefox huongeza kioja chake, kwa sababu hukumbuka hali ya kitufe hata ukurasa ukipakiwa upya, na mtumiaji akirudi anakikuta bado kijivu. Dawa ya kweli ya malipo ya mara mbili iko kwenye seva, kulipatia kila ombi alama yake ya pekee ili ombi hilo likija mara ya pili litambuliwe kuwa ni lilelile. Kitufe kilichofungwa ni nyongeza ya heshima tu, na kina wajibu wa kufunguka mambo yakiharibika.

Wapo wasiokiona kijivu kabisa. Asiyeona hutumia kisoma skrini na kupita kwenye fomu kwa Tab. Kisanduku chenye "disabled" kinarukwa, kwa hiyo kwake hakijafungwa, hakipo. Anasikia jina la kwanza, kisha anasikia tarehe ya kuzaliwa, na hajui kwamba katikati kulikuwa na jina la ukoo lililojazwa kimakosa. Akibonyeza kitufe nacho kikajifunga chini ya kidole chake, mahali alipokuwa pamepotea, na huenda akajikuta anaanza tena juu ya ukurasa. Kwa ajili ya hali hizi kuna "aria-disabled", iliyoingia katika viwango vya mwaka 2014: inakitangaza kitu kuwa kimefungwa huku ikikiacha kifikike na kisomeke. Haizuii lolote, mwandishi lazima azuie mwenyewe, na ndiyo maana wavivu hawaipendi.

Wanaoona nao wana shida yao. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 angalau, lakini umevisamehe vitu vilivyofungwa. Msamaha huo una mantiki ofisini, mbele ya skrini kubwa, kwa kitufe kisicho na kazi kwa wakati huo. Hauna mantiki kwa simu ya bei nafuu kwenye jua la saa saba mchana, wakati kilichofungwa ni jina lako na unachotaka ni kulisoma tu uone kama ni sahihi. Binti wa steshenari aliligundua kosa kwa sababu alikuwa kivulini.

Nisionekane nachukia kila kufuli. Fomu inapouliza mkoa, kisha wilaya, kisha kata, ni busara wilaya isubiri mpaka mkoa uchaguliwe. Orodha ya wilaya zote za nchi haimfai mtu. Hapo mtumiaji anaona sababu, iko mstari mmoja juu, na funguo iko mkononi mwake. Sharti ni moja: ukurasa usizaliwe umefungwa. Ukiandika wilaya iwe imefungwa tangu mwanzo ukitegemea skripti ije kuifungua, na skripti isifike kwa sababu bando limekatika, mtu atachagua Kigoma mara kumi na wilaya haitafunguka. Iache wazi, skripti ikifika ndiyo ifunge.

Kufuli zinazonisumbua ni zile ambazo funguo haipo kwa mtumiaji wala haonyeshwi iliko. Turudi kwenye jina. Kulifunga kuna sababu nzuri: bila hivyo mtu angeingiza namba ya mtihani ya mwenzake, akafuta jina, akaweka lake. Mfumo wa chuo hauna mamlaka ya kubadilisha rekodi ya baraza la mitihani, na haupaswi kuwa nayo. Lakini angalia kinachotokea. Kijivu kilichomaanisha "taarifa hii inatoka kwingine" kinasomwa na wote, mtumiaji, kijana wa steshenari na afisa wa udahili, kama "taarifa hii ni sahihi". Asili ya taarifa imegeuka uthibitisho wake. Na jinsi mifumo inavyounganishwa, kosa lililoingizwa siku moja na karani aliyechoka linasafiri kutoka daftari hadi daftari, kila linapotua linafungwa upya, na kila kufuli mpya inalifanya lionekane la kweli zaidi.

Sheria zimeshalitambua hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa za uongo au za kupotosha kumhusu zirekebishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inadai taarifa ziwe sahihi na inatoa nafasi ya kuzirekebisha. Haki hiyo ipo kwenye gazeti la serikali. Kwenye fomu, mahali ilipopaswa kuonekana, kuna kijivu.

Kurekebisha hakuhitaji teknolojia mpya. Kama jina halibadilishwi hapa, lisiwekwe ndani ya kisanduku hata kidogo. Liandikwe kama maandishi ya kawaida, meusi, yasomeke, na chini yake mstari mmoja: limetoka kwa nani, lini. Kisha swali, "Si sahihi?", linalofungua nafasi nyingine iliyo wazi, ya kuandika jina linavyopaswa kuwa na kuambatisha cheti cha kuzaliwa au hati ya kiapo. Rekodi ya asili inabaki bila kuguswa. Dai la mwenye jina linasafiri pembeni yake mpaka mwenye mamlaka alishughulikie. Hiyo ndiyo pambizo tuliyoipoteza, na gharama yake ni visanduku viwili na mtu wa kuyasoma maombi. Nashuku kinachokwamisha ni huyo mtu, si visanduku.

Pale steshenari fomu ilikwisha, ada ikalipwa, kijana akachapa nakala na kumkabidhi binti. Binti akaomba kalamu. Akaikata ile "h" kwa mstari mmoja, akaandika jina lake juu yake kwa herufi kubwa, akatia saini pembeni, kisha akauliza aipeleke wapi.

"Hiyo kaa nayo wewe, dada," kijana akamjibu, tayari ameshamwita anayefuata. "Wao wanaangalia ile ya kwenye mfumo."